Uyoga wa Shingo Ndefu

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Kwenye cherehani hilo si tatizo, maana cherehani ukiikanyaga inakwenda, ukiiacha inasimama. Uyoga je, unaukanyagia wapi? Unaupulizia maji, unausemesha, unauapiza, na wenyewe umening'inia tu kwenye mfuko wake, kimya, kama mgeni aliyeudhika.

Aliyeniingiza kwenye mambo hayo ni mama mmoja anayeuza mbegu za uyoga nyuma ya soko. Watu wanamwita Mama Mbegu. Alikuja kwangu kupima gauni, akanikuta nailalamikia stoo yetu ya uani, kwamba haiingiwi na jua na haifai hata kuanikia soksi. Akaniambia, "Wewe una shamba humo ndani halafu unalalamika?" Basi, akanitia hamu. Nikanunua mbegu, nikachemsha majani makavu kwenye pipa, yakapoa, nikayashindilia kwenye mifuko ya nailoni huku nikinyunyiza mbegu tabaka kwa tabaka. Mume wangu ni fundi bomba, mtu asiyeweza kuona ukuta bila kutaka kuutoboa. Akapigilia kulabu, akafunga kamba, tukaitundika mifuko mistari miwili.

Lakini stoo ile ilikuwa na mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume alikuwa analala humo. Kazi yake ni kulinda geti la ghala usiku, na mchana ndio usiku wake. Wenzake kazini walimpa jina la Popo, likamganda, hata sisi tukalichukua. Alihamia kwetu walipompangia geti la karibu, na stoo aliichagua mwenyewe kwa sababu ya giza lake. Nilipomuuliza kama ataweza kulala chini ya mifuko ya uyoga, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, mimi na uyoga wako wote tunapenda giza. Tutaelewana."

Na kweli walielewana. Mifuko ilianza kuweka utando mweupe, mwembamba kama pamba iliyochambuliwa, na Popo ndiye aliyekuwa akiniletea habari zake. Akiamka, kabla hajanawa uso, anapita uani kunieleza mfuko gani umeenea na upi umezubaa. Utando ulipoenea mifuko yote, nikachukua wembe nikaikata matundu kama nilivyofundishwa, nikaanza kupuliza maji asubuhi na jioni. Hapo ndipo vichwa vilipotakiwa vitoke.

Nikasubiri vichwa, nikapata shingo. Shingo ndefu, nyembamba, zimepindapinda, na juu yake vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Nikajiambia ni vitoto hivyo, vitapanuka. Havikupanuka. Shingo zikazidi kurefuka, na mimi na ubishi wangu sikuvikata, nikaviacha vining'inie wiki baada ya wiki nikingoja vipate akili.

"Labda maji," alisema mume wangu. "Maji ya bomba yana dawa."

"Maji ya bomba ndiyo kazi yako. Leo unayasingizia?"

Hata hivyo nikayaweka maji kwenye ndoo wazi yalale kwanza. Wapi. Nikaongeza kupuliza, uyoga ukageuka manjano, ukateleza mkononi kama samaki. Nikapunguza, ukakauka kingo. Nikamshuku mume wangu kwamba anavutia sigara mlangoni, akaapa kwa miungu yote kwamba aliacha, na nilipomnusa nikakuta ni kweli, jambo lililonikera zaidi. Mwisho nikaamua kwamba Mama Mbegu kaniuzia mbegu mbovu. Nikampigia simu, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitakuja niuone. Usiutupe."

Wakati huo wote, Popo alikuwa anakohoa.

Kilianza kama kikohozi cha kusafisha koo. Kisha kikawa cha kweli, kikavu, cha kumkunja mtu. Akiamka mchana kichwa kinamgonga, macho mazito, anakaa kwenye ngazi ya uani ameshika kikombe asikinywe. Usiku kazini akaanza kusinzia, yeye ambaye kwa kukesha alikuwa anasifiwa, na msimamizi wake akamkuta hivyo, akamuonya. Mimi nikamsema. Nikamwambia halali vizuri, hali vizuri, na tena akung'ute sare yake, mbona mabegani ina unga mweupe kama mtu asiyeoga? Akakung'uta bila kunijibu. Popo kutonijibu, ndugu yangu, ni dalili mbaya. Sisi tumelelewa kwa kujibizana.

Inabidi niseme habari ya baba yetu, ingawa sipendi. Baba aliondoka kwa kifua. Alianza hivyo hivyo, kikohozi kikavu, uchovu, kichwa asubuhi, na kila aliyemwambia aende hospitali alimwambia ni vumbi tu. Alipokubali kwenda, muda ulikuwa umeshapita. Mama alimfuata si muda mrefu. Tangu hapo tumebaki wawili, mimi na Popo, na kila mmoja wetu akikohoa, mwenzake anageuka kumtazama. Hatusemi. Tunatazama tu.

Mara hii nilisema. "Kesho twende hospitali."

"Siendi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na dalili ya mvua ni mawingu, dada. Mawingu nimeshayaona. Nikaambiwe nini ninachokijua?"

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Kama angenifokea ningelala usingizi.

Kisha akaanza kugawa vitu. Siku moja mume wangu aliingia jikoni amevaa koti la Popo, lile zito la kazini alilonunua kwa kujinyima, uso wake umechanganyikiwa. "Shemeji kanipa. Kasema yeye halihitaji tena." Mimi nikaletewa redio. Aliiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akaichomeka, akanionyesha kitufe kinachokwama, akarudi zake kulala. Nikabaki nimeshika mkasi. Kitambaa cha mteja kilichokuwa mbele yangu nilikikata vibaya, nikalazimika kununua kingine. Na hiyo redio sikuifungua hata mara moja.

Kuna wiki alipata mapumziko, akaenda kwa shangazi yetu. Shangazi ana nyumba yenye madirisha mengi na maneno mengi zaidi. Popo alirudi amenawiri, anatembea wima, kikohozi kimepungua hata nikathubutu kutania. "Kumbe dawa yako ni kutonisikia mimi." Akatabasamu. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, "Hiyo ndiyo nafuu ya mwisho, dada. Baba naye aliipata. Unakumbuka aliamka akaomba mswaki?" Nilikumbuka. Niliondoka pale nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Siku chache baadaye kikohozi kikarudi na nguvu zake zote.

Mama Mbegu alikuja saa za mchana, jua likiwa kali, amejitanda khanga kichwani. Nilimpokea kwa kununa. Nilikuwa nimepanga hotuba.

"Uko wapi huo uyoga?"

"Stoo. Lakini kuna mtu amelala."

Alisimama. "Kuna mtu amelala wapi?"

"Mdogo wangu. Analinda usiku. Analala humo humo."

Akatangulia. Nikasukuma mlango, haukufunguka upesi, kwa sababu Popo alikuwa ameukaba chini kwa tambara. Nikausukuma tena. Mle ndani kulikuwa giza la kaburi, na hewa ilitoka ikatupiga usoni, nzito, ya uvuguvugu, yenye harufu ya majani mabichi na shuka lililolaliwa. Mimi nilishaizoea. Mama Mbegu alirudi nyuma hatua nzima, akajifunika pua kwa khanga.

"Fungua dirisha."

"Limezibwa."

"Nani kaliziba?"

Popo alikuwa ameamka, amekaa kitandani, nywele zimesimama, anapepesa macho. "Mimi, mama. Shikamoo. Mwanga unaniamsha." Na dirisha lile, kweli, alikuwa amelipigilia ubao wa boksi, na pembeni akashindilia magazeti, na matundu ya juu ya ukuta akayatia matambara, kazi safi kabisa, hata fundi asingeziba vile. Akaongeza, kwa fahari kidogo, "Na uyoga nao haupendi mwanga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Hapa mwanangu umeziba ufa ukajenga jeneza," alisema Mama Mbegu, na papo hapo akajipiga mdomo kwa kiganja, maana aliuona uso wangu.

Akavuta lile boksi kwa mikono yake miwili. Lilitoka na misumari yake. Mwanga ukaingia, na kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku nikiwa na tochi mkononi bila kukiona. Shuka, mto, rafu, sare iliyotundikwa msumarini, vyote vilikuwa na unga mweupe mwembamba. Mama Mbegu akapitisha kidole kwenye mto, akanionyesha.

"Vile vichwa ulivyoviacha vizeeke, ndivyo vinavyomwaga huu. Uyoga ukikomaa unatoa unga wake, unaruka. Unakatwa kabla. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Nilingoja vipanuke."

"Vitapanukaje? Uyoga unavuta pumzi kama wewe na mimi. Unavuta safi unatoa chafu. Wakati utando unaenea, giza na joto sawa, haidhuru. Ukishakata matundu, unataka hewa. Na mwanga, mwanga wa kusomea tu. Ukikosa hewa unarefusha shingo kuitafuta. Ndiyo maana una shingo tupu." Akashika moja ya shingo zile ndefu, akaivunja. "Mbegu yangu haina kosa. Huu uyoga ulikuwa unazama."

Kisha akamgeukia Popo, akamtazama vizuri, jinsi mama anavyomtazama mtoto wa jirani aliyekonda.

"Unakohoa?"

Nikajibu mimi. "Anakohoa."

"Ukiamka kichwa kinauma? Mwili mzito, kama umelewa?"

"Ndiyo," alisema Popo, kwa sauti ndogo.

"Na ukitoka ukaenda mahali pengine, unapata nafuu?"

Tulitazamana, mimi na mdogo wangu. Nilikaa kwenye kile kitanda, juu ya ule unga. Nikamwambia, "Popo, kwa shangazi!" Nikamshika kisogo kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo, na nikamzaba kofi la mgongo, moja, la mapenzi na la hasira. "Nafuu ya mwisho! Nafuu ya mwisho baba yako! Uliziba dirisha!"

"Baba yangu ndiye baba yako," alisema, na akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na safari hii nilipomtazama akikohoa sikuona kaburi peke yake. Niliona pia mto wenye unga.

"Msicheke mapema," Mama Mbegu alituambia. "Mimi ni muuza mbegu, si daktari. Mtoeni humu leo, na kifua chake kikaangaliwe. Mimi nasema tu kwamba kwenye chumba hiki hata mimi ningeugua."

Siku ile ile tulimtoa. Mume wangu alikuja na vifaa vyake na furaha isiyo na kifani, maana hatimaye amepewa ruhusa ya kutoboa. Akatoboa ukuta chini karibu na sakafu, kwa sababu Mama Mbegu alisema hewa chafu ni nzito, hukaa chini, akachomeka vipande vya bomba na kuvifunika wavu wa mbu. Dirisha likawekewa wavu vilevile. Mimi nikajifunga kitambaa puani, nikakata shingo zote zile, nikazifukia mbali, nikaosha kuta na sakafu. Nikatandika magunia yaliyoloweshwa chini ili unyevu utoke huko, usiwe wa kuumwagia uyoga kichwani. Kitanda cha Popo tukakiacha nje kipigwe jua, na yeye tukamhamishia sebuleni, kwenye kochi, karibu na dirisha. Alilalamika kwamba mwanga utamuua. Nikamwambia ajaribu aone.

Ikabaki hospitali. Alikubali kwenda, lakini alikubali kama mtu anayekwenda kulipa faini. Kikohozi kilishaanza kulegea, naye hakukiamini, na mimi kwa kweli sikukiamini pia. Walimpiga picha ya kifua, wakachukua makohozi, wakatuambia turudi majibu yakiwa tayari. Siku za kungoja nilikuwa sishikiki. Nilimfokea mume wangu, nikamfokea mteja mmoja mwenye gauni la njano, nikaufokea mchele. Kitu pekee ambacho sikukifokea ni uyoga, kwa sababu ulianza kutoa vitoto vipya, na vitoto vile vilikuwa na mabega. Kila asubuhi nilikwenda kuvitazama, kabla sijapiga mswaki. Vilitanuka. Vilifunguka vipana, vya kijivu, kimoja juu ya kingine, shingo fupi hata haionekani. Nilisimama pale nikauomba uyoga, mimi mtu mzima, uniambie na kifua cha mdogo wangu kikoje.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la korido, tumebanana na watu. Popo alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Akasema ghafla, akiangalia viatu vyake, "Mimi kufa siogopi sana, dada. Nilichokuwa naogopa ni kwamba utabaki wewe peke yako. Nani atajibizana na wewe?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kukata. Nilikuwa nacho, kilikuwa mdomoni. Hakikutoka. Nikamwambia tu asinyamaze siku nyingine, aseme, hata kama ni upuuzi aseme, na akaitikia kwa kichwa, na jina lake likaitwa.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, na mwenye adabu. Aliweka ile picha kwenye mwanga. Mimi sijui kusoma picha za kifua, lakini nilizitazama zile mbavu za mdogo wangu kama ninayemkagulia mishono.

"Kifua kikuu hakuna. Uvimbe hakuna," alisema. "Mapafu yako ni mazima. Yalikuwa yamekereka tu. Hiyo hewa na huo unga mlionieleza vinatosha kabisa kuleta kikohozi hiki. Ukikaa mbali navyo, kitaisha."

"Mazima?" aliuliza Popo.

"Mazima."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Baba yetu..."

"Baba yenu alikuwa na ugonjwa wake," daktari alisema taratibu. "Wewe huna."

Popo alimuomba arudie. Akarudia. Kisha mimi nikamuomba arudie, na yule kijana, Mungu ambariki, akarudia na kwa ajili yangu, bila kutazama saa. Tulitoka nje tukasimama kwenye jua kama watu waliopotea njia. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Popo aliniuliza nataka nini, soda, maji, nini, na mimi nikamuuliza yeye anataka nini, kwa kuwa mgonjwa ndiye yeye.

"Nataka kulala," alisema. "Mwenzio sijalala tangu niliposhikwa na mawazo haya. Nafumba macho tu."

Tulirudi nyumbani akavua viatu, akajitupa kwenye kochi, hata shati hakulivua. Nilitaka kuvuta pazia, akasema niache. Nikakaa kwenye kazi yangu pembeni yake. Mume wangu alikuwa anagongagonga bomba uani, redio ya jirani inapiga kelele, jua limemjaa Popo usoni, na yeye amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Nilikuwa nasikiliza pumzi moja, halafu nasubiri ya pili, na ya pili inakuja. Inakuja safi, bila kukwaruza.

Mwenye gauni la njano aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Alipoona mtu mzima amelala mchana kweupe katikati ya sebule alisimama, akashusha sauti, akashika kifua chake kwa huruma.

"Masikini. Huyu anaumwa?"

"Haumwi," nilimjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na nikashangaa kuona machozi yangu yanaangukia kitambaa chake nilichokuwa nakishona. "Hana kitu. Amelala tu."